Mgeni Aliyekuja na Masurufu Yake

Ndugu msomaji, leo sikuletei habari za gungu wala za utenzi uliofukuliwa sandukuni. Nakuletea habari ya orodha. Ni orodha ya majina ya maktaba za kompyuta, iliyokuwa ikirefuka mwaka hadi mwaka mikononi mwa watu wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea, kisha ikakatwa ikabaki mistari michache. Walioikata hawakupigiwa makofi, kwani kazi ya kufuta haionekani. Nami naona ni kazi iliyostahili kuandikwa.

Utaniuliza: orodha ya kompyuta yaingiaje katika ukurasa wa utamaduni? Yaingia kwa mlango wa mbele. Michezo ya kompyuta ni kazi za sanaa za zama hizi, tupende tusipende. Ina watunzi wa hadithi, wachoraji na wapiga muziki, na wako vijana wetu wanaoijua kwa undani kuliko wanavyomjua malenga yeyote. Na kila kazi ya sanaa huja na swali lile lile tulilolizoea sisi wa hati na miswada. Je, iliyotungwa juzi itasomeka kesho kutwa? Mswada huliwa na mchwa. Mchezo wa kompyuta hauliwi na mchwa, ila huachwa ukiwa na vitu vinavyouzunguka vikabadilika mpaka ukawa haufunguki tena, na hali kila herufi yake iko pale pale.

Kwanza tuelewane juu ya neno maktaba. Kwa watu wa kompyuta, maktaba si nyumba ya vitabu. Ni faili lenye maagizo yaliyoandikwa mara moja ili programu nyingi ziyatumie. Moja yajua kufungua picha, nyingine kutoa sauti, nyingine kuzungumza na mtandao. Mtunzi wa mchezo haandiki mambo hayo upya, huyaita tu yakaja. Mwimbaji wa tarabu hachongi udi kila anapotaka kuimba. Udi uko, na mpigaji yuko.

Sasa Linux. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, naye akakitoa bure kwa yeyote anayekitaka. Lakini kiini peke yake hakifai kitu kwa mtu wa kawaida, kama mashine ya chombo isiyokuwa na chombo. Hivyo yakatokea makundi ya watu wanaokichukua kiini hicho, wakakikusanya pamoja na maelfu ya programu na maktaba nyingine, wakavifunga vifurushi vikae pamoja bila ya kugombana. Mkusanyo kama huo huitwa distro. Debian ni distro, Ubuntu ni distro, Arch na Fedora vile vile. Zote ni Linux, lakini kila nyumba ina mpishi wake.

Kanuni ya nyumba hizo, tangu hapo, ni nzuri na ya heshima: kila maktaba iwe nakala moja tu kwa nyumba nzima. Ikionekana kasoro ndani yake, mlinzi wa kifurushi huirekebisha mara moja, na programu zote zinazoitumia hupona siku hiyo hiyo. Hakuna mtu anayebaki na nakala mbovu amejifichia uvunguni. Watu wa distro huitetea kanuni hii kwa nguvu, na wana haki. Ndiyo inayowaweka salama.

Basi katika nyumba hizo ndimo alimoingia mgeni.

Kampuni ya Valve, ya Bellevue katika jimbo la Washington, Marekani, ilianzisha duka lake la michezo liitwalo Steam mnamo Septemba 2003. Mtu hulipa, huteremsha mchezo kwa mtandao, akacheza. Kwa miaka karibu kumi duka hilo halikuwa na mlango wa Linux. Mlango ulifunguliwa rasmi tarehe 14 Februari 2013, na hapo tatizo likajitokeza. Mwenye kuuza mchezo ataujaribu katika nyumba ipi? Akiujaribu Ubuntu, wa Arch atalalamika. Akiujaribu katika Arch ya leo, Arch ya mwezi ujao itakuwa imekwisha badilika, kwa sababu wale hawana desturi ya kungoja.

Jibu la Valve lilikuwa jibu la msafiri. Mabaharia wa majahazi yaliyokuwa yakishuka kwetu na kaskazi hawakuwa wakitegemea wataingia bandari gani wakute chakula gani. Walibeba tende zao, mchele wao na pipa la maji, na moto wao waliukoka humo humo chomboni. Valve nao wakafunga masurufu. Walichukua maktaba za Ubuntu 12.04, distro ya mwaka 2012, wakazifunga pamoja, wakaziita Steam Runtime, na furushi hilo la kwanza wakalipa jina la scout, kutokana na mmoja wa wahusika wa mchezo wao wenyewe, Team Fortress 2. Popote Steam inapokwenda, scout huenda nayo. Mtunzi wa mchezo akaambiwa: wewe tunga kwa kuitegemea scout, mengine tuachie sisi.

Kwa nini haikutosha kusema kwamba maktaba zote zina majina yale yale, basi itumike yoyote? Hapa nitatumia jambo ambalo msomaji wangu aliyekaa chuoni kwa maalimu atalielewa upesi kuliko mhandisi. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, herufi ya be ilibeba mizigo mingi. Huenda ikawa b, huenda ikawa p, huenda ikawa mb. Msomaji aliyelelewa katika desturi ya mwandishi husoma sawasawa bila ya kusita. Ajaye baadaye, mwenye desturi nyingine, huona herufi zile zile akatamka neno jingine, na maana ikaharibika. Maktaba za kompyuta zina tabia hiyo. Jina laweza kubaki lile lile, lakini mpangilio wa ndani, yaani jinsi maagizo yanavyopokewa na kujibiwa, ukageuka. Programu iliyojengwa kwa mpangilio wa zamani huuliza kwa njia ya zamani, ikajibiwa kwa njia mpya, ikaanguka papo hapo. Au, na hili ni baya zaidi, haianguki, ikaendelea na kazi kwa makosa.

Masurufu ya Valve, basi, yalikuwa na hekima. Kilichokosekana ni chumba. Scout ya mwanzo iliwekwa katikati ya sebule ya mwenyeji. Kompyuta iliambiwa tu: ukitafuta maktaba, tazama kwanza katika furushi la mgeni, ukikosa ndipo utazame katika kabati la nyumba. Na kuna kitu kimoja ambacho mgeni hawezi kukibeba hata angetaka: draiva ya kadi ya picha, ile programu inayozungumza na kile kipande cha mashine kinachochora kwenye kioo. Draiva sharti itoke kwa mwenyeji, kwani mashine ni yake. Ikawa draiva mpya ya mwenyeji inalazimika kula katika sahani ya zamani ya mgeni.

Ugomvi ulioshika sifa ulitokana na maktaba iitwayo libstdc++, ambayo karibu kila programu iliyoandikwa kwa lugha ya C++ huihitaji. Draiva za Mesa katika distro zinazokwenda mbio zilijengwa zikiitegemea libstdc++ mpya. Steam ilikuwa imekwisha kuipakia ile ya mwaka 2012. Draiva ikakataa kuamka, na mchezo ukafungwa kabla haujafunguka, ukiacha maneno ya fumbo kwamba draiva fulani haikuweza kupakiwa. Dawa iliyoenea kwa midomo ilikuwa ya kienyeji kabisa: ingia ndani ya furushi la Steam, ifute libstdc++ kwa mkono, uanze upya. Steam ikijihuisha, furushi lilirudi kama lilivyokuwa, na mwenye kompyuta akafuta tena.

Kijana mmoja wa ujirani wangu hapa Mombasa hutengeneza kompyuta za mitumba. Tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kazi ya kuwawekea watu Linux imemwongezekea, kwa sababu mashine nyingi anazoletewa haziwezi kuibeba Windows iliyofuata. Nilipomsimulia kisa cha libstdc++ alicheka. "Ami," akaniambia, "mteja hajui maktaba, wala hataki kujua. Yeye anajua mchezo ameununua kwa pesa yake, na haufunguki. Lawama yangu." Hayo ndiyo yaliyo hatarini katika habari hii nzima. Si nadharia. Ni haki ya mtu juu ya kitu alichokilipia, na ni saa za watu wengine wanaolaumiwa kwa kitu wasichokitengeneza.

Hatimaye Valve waliifanya Steam ilinganishe, maktaba kwa maktaba, ipi mpya, ya mgeni au ya mwenyeji, ikachukua iliyo mpya. Lakini kabla ya hapo watu wa distro walikwisha chukua njia yao.

Njia yao ilikuwa ya ukarimu wa kizamani: mgeni asile masurufu yake, ale chakula cha nyumba. Ukarimu huu ulihitaji kazi nyingi kuliko unavyodhani. Arch walikuwa na kifurushi kilichoitwa steam-native-runtime, ambacho hakikuwa na kitu ndani yake isipokuwa amri moja ya kuizimisha scout na orodha ya vifurushi vingine zaidi ya 130 vya kuja kuziba nafasi yake. Zaidi ya 130! Na bado walilazimika kuonya kwamba michezo mingine itahitaji vya ziada. Solus, distro ndogo yenye watu wachache, walitunga programu yao wenyewe, Linux Steam Integration, ya kusimama mlangoni na kuupokonya mchezo maktaba ulizokuja nazo ili utumie za nyumbani. Kwa muda njia hii ilikuwa na faida ya kweli, kwani draiva na maktaba zilitoka jiko moja, na ule ugomvi wa libstdc++ haukuwako.

Ila nyumba iliyopata taabu kuliko zote ni NixOS, na hapo ndipo ilipokuwa ile orodha yangu.

Mfumo wa Nix ulianzia Uholanzi, katika Chuo Kikuu cha Utrecht, kazi ya Eelco Dolstra iliyoanza mwaka 2003 na kuandikiwa tasnifu mwaka 2006. Fikra yake ni ya ajabu na, kwa maoni yangu, ni nzuri mno. Distro nyingine huweka maktaba zote katika kabati moja linalojulikana, /usr/lib, na kila programu hujua pa kwenda kutafuta. Nix hawana kabati hilo. Kila kifurushi kina pahali pake pa peke yake ndani ya /nix/store, chini ya jina refu lenye herufi na tarakimu 32 zilizokokotolewa kutokana na vitu vyote vilivyotumika kukijenga. Badilisha kitu kimoja kidogo, jina linabadilika. Kwa hiyo matoleo kumi ya maktaba moja yaweza kukaa pamoja bila hata moja kumkanyaga mwenzake, na kila programu inaambiwa tangu inapojengwa: maktaba yako ni ile pale, si nyingine. Leo mkusanyo wao una vifurushi zaidi ya 100,000.

Ni mpango bora kwa programu zinazojengwa na wao wenyewe. Kwa programu ya mtu wa nje iliyoletwa ikiwa tayari imejengwa, kama vile Steam, ni maangamizi. Programu hiyo inakuja ikiamini kwamba kabati lipo. Hata kile kipande kinachoiamsha, kinachokaa katika distro nyingine nyingi chini ya /lib64, hakipo pahali pake. Kwa miaka mingi, aliyejaribu kuendesha programu ya namna hiyo katika NixOS alijibiwa kwamba faili halipo, na hali faili analiona kwa macho yake. Kisichokuwapo ni yule mwamshaji wake, wala kompyuta haisemi hivyo.

Ufumbuzi wa watu wa NixOS ulikuwa kumjengea mgeni nyumba ya bandia. Steam inapoanzishwa, hutengenezwa chumba chenye /lib yake, /usr yake na /etc yake, kila kitu pahali Steam inapopatarajia, na nje ya chumba hicho hakuna kinachojulikana. Na chumba hakina kitu ila walichokitia wao. Wakatia nini? Hapo ndipo orodha ilipozaliwa.

Nimeisoma orodha hiyo, kwani kila kitu cha wale watu kiko wazi. Ilianza kwa maktaba za msingi, zikaongezwa zile zinazofanana na za scout, kisha kila aliyenunua mchezo ukakataa kufunguka alikuja na maktaba yake mkononi, ikaongezwa. Na kwa kuwa ajaye baadaye huuliza "hii ni ya nini?", waandishi waliweka maelezo pembeni: hizi ni za Prison Architect, hii ni ya CrossCode, zile nne ni za Loop Hero. Nilipoziona nilitabasamu. Ni hashia! Ni zile zile alama ndogo pembezoni mwa ukurasa, ambazo mwanachuoni mmoja huandika, anayemfuatia akaongeza, mpaka pambizo likawa na maneno mengi kuliko matini.

Lakini hashia za vitabu humfunza msomaji. Hizi zilikuwa zikimfunga mtu. Kila mstari ulikuwa ahadi. Maktaba ya Loop Hero ikibadilika, nani ataujaribu mchezo ule ajue kama bado wafunguka? Anayetunza orodha pengine hana mchezo huo. Aliyeuomba mstari uongezwe pengine alikwisha umaliza akaenda zake. Kuufuta mstari hawezi, kwani huenda akamwumiza mtu asiyemjua. Kuuacha ni mzigo, kwa kuwa kila maktaba iliyo humo hujengwa mara mbili, ya biti 64 na ya biti 32, kwa sababu michezo mingi ya zamani ni ya biti 32. Nami nauliza: hivi ndivyo ilivyo kazi ya distro, kujua kila mchezo wa kila mtu unakula nini?

Mambo yaligeuka kwa sababu mgeni mwenyewe alibadili mwenendo. Valve, wakisaidiwa na wahandisi wa kampuni ya Collabora, walitengeneza zana iitwayo pressure-vessel. Nayo hujenga chumba, yaani kontena, lakini chumba hiki huja na Steam yenyewe na ndani yake kuna maktaba zote za furushi lililochaguliwa. Mafurushi mapya nayo yalitoka, yakipewa majina ya wahusika wale wale wa Team Fortress 2: soldier, lililojengwa juu ya Debian 10, na sniper, juu ya Debian 11. Proton, ile programu ya Valve inayoendesha michezo ya Windows ndani ya Linux, iliingizwa katika chumba cha soldier tangu toleo la 5.13 la mwaka 2020. Michezo ya Linux yenyewe, ile ya zamani iliyotungwa kwa scout, iliendelea kukaa sebuleni miaka mingine kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 2024 Steam ikaanza kuiingiza chumbani nayo, bila ya mwenye kompyuta kuulizwa.

Ukumbuke kwamba NixOS walikwisha jenga chumba chao. Kwa hiyo mchezo ulikuwa sasa ndani ya chumba kilicho ndani ya chumba, na cha ndani kimekamilika. Maktaba za Prison Architect zilizokuwa zikingoja katika chumba cha nje hazikuwa na wa kuzila tena. Mgeni amejifungia na sufuria yake, na mwenyeji bado anapanga sahani 100 mezani.

Wakakata. Kilichobaki katika orodha yao ni vile ambavyo Steam yenyewe inahitaji ili iamke, na vile ambavyo chumba cha ndani hakiwezi kujiletea. Humo mna glibc, iliyo mama wa maktaba zote, na zile zinazohusu kadi ya picha na vifaa vilivyochomekwa, pamoja na zana kadha wa kadha za kufungulia mafaili. Orodha unaisoma kwa pumzi moja.

Wako waliohuzunika, na sitaki kuwapuuza. Hoja yao kubwa ni ile kanuni ya nakala moja. Furushi la scout lina maktaba za distro ambayo huduma yake ya kawaida ilikwisha mwaka 2017. Kila mtu akija na furushi lake, kasoro ya hatari ikigunduliwa itabidi irekebishwe mara ngapi, na nani? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba Valve wamekuwa wakiyafanyia marekebisho mafurushi yao, na kwamba mchezo uliouzwa umefungwa ni kitu ambacho distro haikuwa na uwezo wa kukirekebisha tangu mwanzo. Kuulisha maktaba mpya mchezo ambao mtunzi wake hajulikani alipo si usalama. Ni kubahatisha. Programu ambazo distro inazijenga yenyewe, kanuni ya zamani na ikae juu yao kama ilivyo. Lakini nakubali kwamba mwenye nyumba aliyezoea kujua kila kilicho jikoni sasa ana chumba kimoja asichokipekua, na hilo si jambo dogo kwa watu walioichagua Linux kwa sababu ya kupekua.

Hoja nyingine ni ya nafasi. Mafurushi haya hula diski, na kwa mashine za mitumba zenye diski ndogo ni jambo la kuhesabiwa. Hapo sina jibu la kumfurahisha mtu.

Wala asidhani mtu kwamba chumba kimemaliza maneno. Kuta zake zina matundu kwa lazima. Pressure-vessel huchukua draiva za picha kutoka kwa mwenyeji, na huchukua glibc ya mwenyeji pia ikiwa ni mpya kuliko ya furushi, kwa sababu draiva mpya haiwezi kuishi juu ya glibc ya zamani. Mnamo Agosti 2022 lilitoka toleo la 2.36 la glibc, na ndani yake ilikosekana jedwali moja la zamani liitwalo DT_HASH, linalotumika kutafutia majina ya maagizo. Lilikwisha pata mbadala miaka mingi nyuma, na waliolitoa waliona halina mwenyewe. Kumbe Easy Anti-Cheat, programu inayowazuia wadanganyifu katika michezo ya mashindano, ilikuwa ikilitazama jedwali hilo hilo. Michezo ikakatika, hata iliyokuwa chumbani, kwani glibc mpya ilipita kwenye tundu. Arch wakalirudisha jedwali kwa upande wao.

Tundu la pili ni biti 32. Draiva ikitoka kwa mwenyeji, basi kwa mchezo wa biti 32 mwenyeji sharti awe na draiva ya biti 32. Juni 2019 Ubuntu walitangaza kwamba hawatajenga tena vifurushi vya biti 32 kuanzia toleo la 19.10. Mmoja wa wahandisi wa Valve akasema hadharani kwamba Steam haitaipendekeza Ubuntu hiyo kwa wateja wake, na katika siku chache Ubuntu wakarudi nyuma, wakakubali kubakiza vifurushi vilivyochaguliwa. Juni 2025 Fedora nao walileta pendekezo la namna hiyo kwa toleo lao la 44. Makelele yakawa makubwa, na mleta pendekezo akaliondoa. Kwa hiyo ile orodha fupi ya NixOS nayo bado imeandikwa kwa biti mbili, 64 na 32, hata baada ya kukatwa.

Na zile hashia? Hazikupotea. Watu hawa huhifadhi kila toleo la kila faili, mstari ulioongezwa na mstari uliofutwa, pamoja na jina la aliyeandika, siku aliyoandika na sababu aliyoitoa. Anayetaka kujua ni maktaba zipi nne zilizoombwa kwa ajili ya Loop Hero, mchezo wa mwaka 2021, atarudi nyuma hatua chache katika kumbukumbu hizo, na atazikuta.